Insha Namba Kumi na Tisa

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Telesia alisahihisha insha za darasa la mwisho peke yake, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyetoka salama baada ya kumuuliza alama alizitoa wapi. Aliyeuliza alioneshwa jedwali. Lilikuwa karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya walimu, yenye visanduku vitano: wazo, mpangilio, mifano, lugha, hitimisho. Kila kisanduku alama nne, jumla ishirini. Mzazi akija na uso wa shari, Telesia alimshika mkono kwa upole, akampeleka nyuma ya mlango na kumsomea kisanduku kimoja kimoja, mpaka mzazi wa watu akaanza kutafuta kandambili zake aende zake.

Lakini jedwali silo lililompa jina. Kisiwa cha Savaii kizima ni ndugu. Ukirusha jiwe sokoni Salelologa, atakayelia ni binamu yako. Katika darasa la watoto thelathini, kumi na mmoja walikuwa wa ukoo wa Telesia au wa mumewe, na hao ndio waliomwogopa kuliko wote. "Telesia hata mwanawe hamwonei haya," watu walisema, nao walisema kwa sifa. Mwenyewe akiisikia aliinamisha macho kwa adabu, lakini moyoni aliipenda kuliko marashi.

Ushahidi upo. Miaka sita iliyopita mtoto wake wa kwanza, Sefina, alipata nane kwenye insha ya mwisho. Nane kati ya ishirini. Kwa alama mbili tu akakosa kuendelea na masomo, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa Niuzilandi, kwenye kiwanda cha kufungasha matofaa, na yuko huko mpaka leo. Wanawake wa kanisani walipokuja kumpa pole, Telesia aliwaandalia kakao ya moto na kuwaambia, "Alama ni alama." Walirudi makwao wakiwa na hadithi ya kusimulia wiki nzima.

Sasa mdogo wake Sefina, Ruta, alikuwa darasa la mwisho. Na mwaka huu kulikuwa na nafasi. Chuo kimoja cha Apia, mji mkuu, kiliahidi kumsomesha bure mwanafunzi mmoja kutoka shuleni kwao, yule anayeandika vizuri kuliko wenzake wote, na jina lilitakiwa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ruta aliitaka nafasi hiyo. Hakuwahi kutamka, maana kwao mtoto hamwambii mamaye anachokitaka kwenye mambo ya kazi ya mamaye, lakini wiki ile alikuwa anapiga pasi shati la shule mara mbili kila asubuhi. Kwenye kitabu cha alama cha Telesia, Ruta alikuwa na wastani wa kumi. Alikuwa mtu wa ishirini na mbili kati ya thelathini.

Jumatatu Mwalimu Mkuu, Mzee Ioane, aliitisha kikao. Ioane ni kaka wa mume wa Telesia, mtu mnene mwenye subira, ila mwaka uliopita subira ilimwisha. Ukoo wa kijana mmoja aliyefeli ulituma wazee kumi na mmoja, wakaja wakaketi mbele ya ofisi yake tangu sala ya asubuhi hadi chakula cha mchana, wakisema walimu wa shule hii wanasahihisha majina, hawasahihishi insha.

"Mwaka huu sitaki kukaliwa tena," alisema Ioane. "Nataka njia ambayo mtu akija kulalamika, nimjibu nikiwa nimenyoosha miguu."

"Jedwali lipo," alisema Telesia.

"Jedwali lilikuwepo na mwaka jana, shemeji."

Hapo Peniamina akadakia. Alikuwa mwalimu wa sayansi, kijana mwenye mdomo mwepesi, hajatimiza miaka mitatu kazini, na Telesia alimwona kama nzi aliyeingia kwenye mtungi.

"Tufunike majina," alisema Peniamina. "Karani wetu Losa azipige chapa insha zote, maana hapa kila mtu anaujua mwandiko wa kila mtoto. Azipe namba. Halafu sisi sita tuzisome mbilimbili. Unashika hii mkono huu, hii mkono huu, unajiuliza swali moja tu: ipi bora? Hakuna kisanduku. Kila insha ikutane na wenzake kumi, inayochaguliwa mara nyingi ndiyo ya kwanza."

"Wee Peniamina," alisema Telesia, "unachagua insha au unachagua papai sokoni?"

"Mama yangu, papai huwa unakosea?"

Walimu walicheka, na Telesia naye akalazimika kutabasamu. Lakini hakuwa mtu wa kuachia. Alisema jedwali linamlinda mtoto asionewe, na linamlinda mwalimu asisingiziwe. Mtu akichagua kwa kupenda tu, kesho ataulizwa ulipenda nini, naye atajibu nini? Ioane akakuna kidevu. Mwisho wakakubaliana wajaribu. Watoto waandike leo mchana, insha zipimwe kwa njia ya Peniamina, kisha orodha ilinganishwe na kitabu cha alama cha Telesia. Ijumaa asubuhi waamue njia ipi ipeleke jina Apia.

"Watu sita wakichagua kwa macho tu, wakapata mpangilio tofauti na wa kitabu changu," alisema Telesia huku akiinua kalamu yake nyekundu, "hii nampa Losa apakie kucha."

Mada ilikuwa ileile ya kila mwaka, ambayo Telesia hakuwahi kuona sababu ya kuibadilisha: jambo lililotokea kijijini. Watoto waliandika. Losa, karani wa shule, msichana wa miaka ishirini na minne ambaye kwa kawaida siri haikai kwake hata nusu saa, alijifungia na mashine yake siku nzima ya Jumanne. Ioane alimkataza hata kunywa chai na wenzake. Orodha ya majina Losa aliifungia kwenye kopo la biskuti lenye kufuli, kopo akaliweka kabatini kwa Mwalimu Mkuu, na ufunguo akautundika shingoni pamoja na msalaba wake.

Jumatano na Alhamisi walimu sita walikaa kwenye ukumbi ulio wazi nyuma ya shule, mapazia ya majani yamekunjwa juu, upepo ukipeperusha karatasi zilizowekewa mawe. Mwanzoni Telesia alisoma kwa dharau. Mkono ulimwasha kwa kukosa kalamu. Alishika insha mbili, akaanza kutafuta wazo, mpangilio, mifano, akajikumbusha kwamba haruhusiwi. Ipi bora, basi. Akaweka alama ya vema, akachukua nyingine mbili.

Kufikia Jumatano saa tano alikuwa ameshakutana na namba kumi na tisa.

Ilianza polepole, kwa salamu na kuzungukazunguka, na kitu fulani kwenye mistari ile kilimgusa kama jina la mtu unalotaka kulikumbuka likakataa. Hakukijali. Ilikuwa hadithi ya mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliyewapa nguruwe wake majina ya wakubwa wa kijiji. Jioni akiwaita wale chakula, unasikia anamfokea Shemasi atoe miguu kwenye sufuria. Nguruwe mkubwa kuliko wote aliitwa Mchungaji. Siku Mchungaji mwenyewe, wa kanisani, alipohamia kijijini, ukoo wa mzee uliagizwa kutoa nguruwe mkubwa wa karamu, na hawakuwa na mkubwa mwingine. Kwenye ukurasa wa pili mchungaji amekaa mbele ya Mchungaji aliyeiva, ameinamisha kichwa, anamshukuru Mungu kwa kumleta salama, na familia nzima imeng'ata midomo.

Telesia alicheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa lavalava, kitambaa alichojifunga kiunoni. Walimu waliinua vichwa, wakatazamana.

Kisha akafika ukurasa wa tatu. Mjukuu wa mzee, aliyemlea nguruwe yule tangu akinyonya chupa, anapewa kipande chake kwenye jani. Kila mtu anamtazama ale. Anakula. Jioni anatoka na sufuria ya maganda ya magimbi, anaita majina yote kwa mpangilio, na akifika kwenye jina la kwanza ananyamaza kidogo, pumzi moja tu, halafu anaendelea na la pili. Insha ikaishia hapo.

Telesia aliiweka chini akawa anatazama uwanja. Alijiona mjinga, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja analia kwa ajili ya nguruwe.

"Imekushika?" aliuliza Peniamina.

"Nyamaza, nafanya kazi."

Namba kumi na tisa ilimfikia mara tatu siku zile mbili, kila mara ikiwa na mwenzake mwingine, na mara zote tatu aliichagua bila kupepesa. Alijaribu kukisia ni ya nani. Kwenye kitabu chake walikuwepo watano wa juu aliowaamini, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na ucheshi wa namna hii. Aliona haya kidogo. Mwaka mzima anafundisha darasa lile, na kumbe mmo mtoto kama huyu!

Alhamisi saa nane mchana, Peniamina alimaliza kuhesabu alama za vema.

"Ya kwanza ni namba kumi na tisa," alisema. "Na haikushindwa na yeyote. Imekutana na kumi, imechaguliwa mara kumi."

"Nilijua," alisema Telesia. "Mimi ningeipa kumi na nane. Na hizo mbili nimezuia kwa sababu ya ule mwanzo wake wa kuchelewa." Alikuwa amechangamka, amesahau kwamba alikuwa upande mwingine wa vita. "Ni nani? Nataka kumjua mtoto huyo."

Peniamina alikuna shingo.

"Mama, usinikasirikie. Nilitaka kuona kama macho yetu yanakubaliana na jedwali, basi nikamwomba Losa achanganye insha moja ya zamani kutoka kabatini. Moja yoyote, ila iwe ilipata chini ya kumi. Ndiyo maana zimekuwa thelathini na moja. Namba kumi na tisa ndiyo hiyo. Ilipewa nane."

"Nane!" Telesia alicheka kwa sauti. "Nani kipofu aliyeipa nane?"

Kalamu nyekundu katika shule ile ilikuwa ya mtu mmoja. Kicheko chake kikabaki peke yake ukumbini mpaka na chenyewe kikafa.

"Ni ya nani?" aliuliza tena, sasa taratibu.

Losa alikuwa amesimama kwenye nguzo, amekumbatia jalada kifuani. Aliisogelea meza, akalifungua jalada, akatoa karatasi tatu za mistari zilizogeuka rangi. Juu ya ya kwanza palikuwa na nane kubwa nyekundu iliyozungushiwa duara. Chini ya nane, kwa mwandiko wa mviringo ambao Telesia aliufundisha mwenyewe, sakafuni kwake, mtoto akiwa na miaka minne, palikuwa na jina la Sefina.

Telesia aliishika karatasi, akaigeuza, akairudisha upande wa kwanza, kana kwamba huenda jina likabadilika.

"Hii sijawahi kuiona," alisema.

"Nane ni yako, Mwalimu," alisema Losa. Hakurudi nyuma. "Na tazama hapa. Ukurasa wa pili na wa tatu zilikuwa zimegandana. Tone dogo la gundi pale kwenye pembe. Nimezitenganisha Jumanne kwa kisu cha siagi."

"Umeichukua hii kwa bahati tu?" aliuliza Ioane.

"Peniamina aliniambia nichukue yoyote." Losa alitazama chini. "Mimi sikuchukua yoyote. Nilikaa naye dawati moja miaka minne, Mwalimu Mkuu. Nimeisubiri siku hii."

Ioane, Mungu amlipe, alisema kikao kimeisha. Alisema majina mengine yatabaki kwenye kopo mpaka kesho, wachague njia kwanza bila kujua nani ni nani, maana wakishajua hawatachagua tena njia, watachagua watu. Kisha akamgusa Telesia bega na kumwambia, "Nenda nyumbani, shemeji."

Telesia alitembea nyumbani na karatasi tatu ndani ya mkoba. Watu walimsalimu njiani, akaitikia, na hakumwona hata mmoja. Alikuwa anakumbuka. Mwaka ule wa Sefina, Jumapili ya watoto, mwanamke mmoja alisema nyuma yake kanisani, kwa sauti iliyokusudiwa kusikika: "Wa mwalimu hawafeli." Basi. Maneno matatu tu. Kuanzia siku ile kila daftari la Sefina lilipofika juu ya rundo, mkono wake ulikuwa mzito. Alisoma aya moja, mbili. Akiona ni nzuri aliogopa. Akaona bora asiendelee, maana akiendelea ataipenda, na akiipenda ataipa alama, na alama hiyo italiwa kama nyama kila nyumba hadi ncha ya kisiwa. Alikuwa ameuita woga huo haki. Namba kumi na tisa hakuitambua kwa sababu rahisi kabisa: hakuwahi kuisoma.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa shambani, Ruta mazoezi ya kwaya. Telesia alimpigia Sefina simu. Huko ulikuwa wakati wa mapumziko ya kazini.

"Mama?" Sefina alihema. "Kuna nini? Baba anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa. Sefina, insha yako ya nguruwe."

Nyuma ya simu mashine zilikuwa zinanguruma.

"Ipi?"

"Ya mwisho. Ile ya Mchungaji. Nimeisoma."

"Lini?"

"Jana."

Telesia alijilazimisha kuendelea, akamweleza juu ya Peniamina, namba, watu sita.

"Imekuwa ya kwanza," alisema.

"Kati ya wangapi?"

"Thelathini na moja. Imewashinda wote. Mimi mwenyewe nimeichagua mara tatu."

Sefina akacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake.

"Kurasa zilikuwa zimegandana," alisema Telesia. "Pengine ule unyevu wa kabatini..."

"Unyevu gani, Mama? Niliweka mwenyewe. Tone la wanga wa muhogo. Mwaka mzima nilikuwa naweka, kila insha. Nilitaka kujua unafika ukurasa wa ngapi."

Telesia alikaa kwenye mkeka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nisimame mbele yako niseme, Mama, husomi? Ungenipiga kofi, na kijiji kizima kingekupa haki."

Ilikuwa kweli.

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiseme hivyo, Mama." Sauti ya Sefina ilikuwa na hofu kweli, kama mtoto aliyeona nguzo ya nyumba inatikisika. "Usiniambie mimi hivyo, tafadhali. Kengele imelia, narudi kazini." Akasita. "Ila nenda ukaangalie madaftari ya Ruta. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Simu ikakatika.

Daftari la Ruta lilikuwa katika rundo la darasa, kwenye mkoba uleule. Insha tano za mwaka mzima. Kumi, tisa, kumi, kumi na moja, kumi, zote nyekundu, zote kwenye ukurasa wa kwanza. Alishika ukurasa wa pili kwa vidole viwili, akauvuta. Haukutoka. Akaenda kwenye insha iliyofuata. Haukutoka. Insha zote tano, pembe ya chini, mahali palepale, tone dogo lililokauka kama ukoko wa uji.

Mwaka mzima mtoto alikuwa anamuuliza swali moja, mara tano, na mara tano yeye alimjibu kwa wino.

Alichukua kisu jikoni. Alizifungua moja baada ya nyingine, taratibu asichane, akasoma. Magimbi yaliungua motoni asisikie harufu.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifika ukumbini akiwa amevaa nguo zake za kanisani. Walimu wote walikuwepo, na Losa kwenye nguzo yake. Ioane alifungua kwa sala, kisha akauliza: kitabu cha alama, au mbilimbili?

Telesia alisimama. Aliweka daftari la Ruta mezani, limefunguliwa, ili waone pembe zilizokwanguliwa.

"Kitabu changu hakifai," alisema. "Mna sifa moja mnayonipa, kwamba hata mwanangu simwonei haya. Basi sikilizeni. Nilikuwa na wanafunzi wawili ambao sikuwasoma. Nilikuwa nafungua ukurasa wa kwanza, natia alama, nafunga. Wote wawili nimewazaa mimi."

Mwalimu mmoja alifunika mdomo. Peniamina, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Shemeji," alisema Ioane kwa sauti ya chini, "unajua maana yake? Tukitupa kitabu, halafu kopo lifunguliwe na wa kwanza awe Ruta, watasema umelia hapa ili mwanao apite."

"Watasema."

"Na utaishije?"

"Sijui. Fungua kopo."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Wote sita walichagua mbilimbili. Losa alitoa ufunguo shingoni, akafungua kopo la biskuti. Ukiacha namba kumi na tisa, wa kwanza katika watoto wa mwaka huu alikuwa namba sita. Ioane alishusha kidole kwenye orodha.

"Uelese," alisoma.

Mtoto wa mkausha nazi. Kwenye kitabu cha Telesia alikuwa wa tisa. Watu walipumua, hakuna ukoo utakaokuja kuketi mbele ya ofisi kwa ajili ya Uelese. Telesia naye alitaka kupumua akashindwa, kwa kuwa sasa alijua kitu ambacho jana asingekijua: alikuwa ametamani liwe jina lingine. Alikuwa ametamani kwa moyo wote, bila haya.

"Ruta?" aliuliza.

Ioane alishuka na kidole. "Wa tano."

Wa tano kati ya thelathini, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kazi gani ya maneno anaiweza na ipi inamshinda. Wenzake walirudishiwa madaftari yamejaa mistari myekundu pembeni, hapa umepoteza njia, hapa pazuri. Lake lilirudi na alama tu, pembeni jeupe. Telesia alitoa kalamu yake mfukoni na kuiweka mbele ya Losa, ila Losa hakuigusa.

Jioni Ruta alikuwa amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi kwa ajili ya palusami, mboga ya majani ya magimbi kwa tui. Habari alikuwa nazo; habari huko haisubiri kengele ya kutoka shule. Hakuinua uso mamaye alipokaa kwenye mkeka mbele yake, daftari mapajani.

"Umekuwa wa tano," alisema Telesia.

"Nimesikia." Nazi iliendelea kudondoka kwenye bakuli. "Uelese anastahili, Mama. Anaandika vizuri."

"Anaandika vizuri."

Ruta alikuna, akageuza kifuu, akakuna tena. Macho yake yalikuwa kwenye daftari. Aliziona pembe.

"Umezifungua," alisema.

"Nimezifungua."

"Zote?"

"Zote tano. Mpaka mwisho."

Mkono wa Ruta ulisimama. Alikuwa na miaka kumi na minane, na uso wake wakati ule ulikuwa wa mtoto mdogo aliyesimama mlangoni hajui kama ameitwa au amefukuzwa.

"Ipi uliipenda?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana.

"Ya tatu. Ya mwanamke anayekopa chumvi kwa jirani na ndani anayo. Pale jirani anapompa na kumwambia, keshokutwa uje tena. Nimeirudia mara mbili pale." Telesia alifunua kurasa. "Ila hii ya pili, mwisho wake mbovu. Umechoka, ukatafuta mlango wa kutokea. Ukurasa wa tatu umeandika kama mtu anayewahi basi."

Telesia akafikiri ameharibu kila kitu, kwamba hata leo hakujua la kumwambia mwanawe isipokuwa kosa.

Ruta aliweka kifuu chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono ilikuwa na mafuta ya nazi. Aliinyoosha yote miwili hivyohivyo.

"Nilijua mwisho ni mbovu," alisema. "Nilijua tangu mwezi wa tatu. Nipe niiandike tena."